Programu ya simu ya mfungo wa Kikristo: nyota tatu, na sababu zangu

Kabla ya kuniuliza kwa nini nafunga, programu hii iliniuliza uzito wangu. Kisha ikataka kujua uzito ninaoutamani. Mume wangu alicheka, akasema hapo hata Yohana Mbatizaji angekwama. Ni dhahiri kwamba hii ni programu ya kupunguza mwili iliyovishwa aya za Biblia, na kadiri unavyoitumia ndivyo mishono inavyozidi kuonekana.

Mimi ni Mkatoliki, mwenzangu ni mlokole. Tuliitumia Kwaresima iliyopita, kila mtu kwenye simu yake, kwa hiyo maoni haya yametoka pande mbili za nyumba moja. Jina lake naliacha. Nataka tuzungumzie kazi yake, si mwenye nayo.

Nianze na kengele, maana hapo waliotengeneza wamefikiri. Ukishaweka saa zako za kula, kengele inalia saa hizohizo, lakini haikukumbushi njaa (hiyo huhitaji kukumbushwa). Inakufungulia zaburi fupi, halafu dakika chache za kimya. Msomaji ana sauti ya kawaida, hagombi wala hajilizi. Muda uliokuwa wa sahani unakuwa wa sala, na kwangu hiyo ndiyo nusu ya mfungo. Bila hiyo unakuwa umeshinda na njaa tu.

Baada ya hapo mambo yanakuwa mchanganyiko.

Mpango wao wa Kwaresima una siku 40, sawa. Lakini wanazihesabu mfululizo kuanzia Jumatano ya Majivu, Jumapili zikiwemo. Kutoka Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46. Ukitoa Jumapili 6, ambazo kwetu si siku za kufunga kwa kuwa ni siku za Ufufuko, ndipo unapata 40. Kwa hesabu yao siku ya 40 inaangukia Jumapili ya Matawi. Basi asubuhi ile nikapokea fataki kwenye kioo na neno HONGERA, UMEMALIZA, wakati Juma Kuu lote liko mbele yangu na Ijumaa Kuu haijafika. Kuna chaguo la kupumzika Jumapili, ila ukilitumia, "mnyororo" wako wa siku unakatika na unarudishwa sifuri.

Huo mnyororo ndio ugonjwa wa programu nzima. Kanisa langu linadai mfungo Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu kwa wenye miaka 18 hadi 59: mlo mmoja kamili, na ukihitaji, viwili vidogo ambavyo hata ukivijumlisha havifikii ule mmoja. Mfungo wa namna hiyo haupo humu. Ukigusa kitu kidogo mchana, saa inasimama na maandishi mekundu yanatokea: Umeshindwa. Siku moja alikuja mgeni ambaye hakuwa na habari kwamba nafunga. Nikaketi naye, nikala. Wamonaki wa jangwa la Misri, wale wa karne ya 4 waliofunga kuliko sisi sote, walikuwa wakivunja mfungo wao kumpokea mgeni, kwa kuwa kufunga waliweza kuendelea nako baadaye ila mgeni angeondoka. Wao nao wangeandikiwa wekundu.

Sasa upande wa mzee wangu. Yeye alichagua mfungo wa Esta, yule malkia Myahudi wa kwenye Biblia: siku 3, usiku na mchana, bila chakula wala maji. Programu ilimruhusu kwa mguso mmoja. Hii ndiyo programu iliyotaka uzito wetu, lakini haikuuliza kama mtu ana kisukari, kama anatumia dawa, kama ni mjamzito au ananyonyesha. Siku 3 bila maji si jambo la kuachia kitufe. Makanisa yanayoshika mfungo kwa ukali huwaondolea wagonjwa wajibu huo, na mtu mwenye mchungaji wake au padri wake angeulizwa kwanza. Mume wangu aliufuta mwenyewe, akachagua mfungo wa kutwa moja hadi jioni, na maji anakunywa.

Kilichomkera zaidi yalikuwa maombi yaliyoambatana nao. Kila siku: taja unachokitaka, dai, pokea. Akaniambia, "Mama, huyu Esta wao simfahamu." Ni kweli. Esta wa sura ya 4 aliomba Wayahudi wote wa Shushani wafunge pamoja naye, na mwisho wa maneno yake anasema kama kuangamia, na aangamie. Alikuwa anajiandaa kwenda mahali anapoweza kufa kwa ajili ya watu wake. Humu amegeuzwa njia ya kumbana Mungu mpaka atoe.

Mfungo wa Danieli sitaukalia sana. Wamechanganya siku 10 za mboga na maji za sura ya 1 na majuma 3 ya maombolezo ya sura ya 10, wakapata siku 21 za mboga. Hauna madhara, basi.

Lakini kuna kitu humu kimenifanya nisiifute. Kimefichwa chini kabisa ya menyu, baada ya rangi za kioo na lugha, kinaitwa Mlo wa Mwingine. Kila unaporuka mlo, kinakuuliza ule mlo ungekugharimu kiasi gani, kinaandika, na mwisho wa juma kinakupa jumla na swali moja: utampa nani? Hakikusanyi fedha, hakina akaunti ya kuchangia. Unampa mtu mwenyewe kwa mkono wako. Mawazo haya ni ya kale. Maandishi ya Wakristo wa karne ya 2 yanaelekeza hivyohivyo: piga hesabu ya chakula ambacho ungekula, umpe mjane, yatima au mhitaji. Na Isaya 58, ambayo programu inaisoma vizuri sana kwa sauti, inasema mfungo anaoutaka Bwana ni kumgawia mwenye njaa chakula chako. Kwa nini wakizike chini ya rangi za kioo?

Halafu juu kabisa, pakubwa, pana kitufe cha kutuma picha ya saa ulizofunga kwa marafiki. Kinatokea sekunde chache baada ya somo la Mathayo 6, lile la kupaka kichwa mafuta na kunawa uso ili watu wasijue. Nadhani aliyepanga masomo na aliyepanga vitufe hawajawahi kukutana.

Nyota tatu: mbili za kengele na Mlo wa Mwingine, moja ya yule msomaji. Ukiichukua, ruka maswali ya uzito (neno "ruka" liko kwa herufi ndogo, juu kulia), zima arifa za mnyororo, na siku za Kwaresima zihesabu kwa kalenda ya kanisa lako. Mwenye dawa za kila siku amwone daktari kwanza. Mume wangu yeye anatoa mbili, anasema msomaji hata redioni wapo.