Uzoefu wangu na Linguee: "I look forward to hearing from you" kwa Kireno

Nauza vitenge kwa jumla hapa Mtwara, na wateja wangu kadhaa wako Msumbiji. Wa Palma na Mocímboa da Praia tunaelewana kwa Kiswahili. Mwaka jana nikapata mteja mpya, mzee mwenye duka mjini Pemba (ile ya Cabo Delgado, siyo ya Zanzibar), na yeye barua zake zote ni Kireno. Bei na idadi hazinisumbui. Kilichonitoa jasho ni mstari wa mwisho wa barua.

Barua za biashara nimezoea kuzifunga kwa "I look forward to hearing from you", kama tulivyofundishwa shule. Nikautia mstari huo kwenye programu moja ya kutafsiri, ikanitolea papo hapo: "Estou ansioso para ouvir de você." Bahati nzuri nilimtumia kwanza shemeji yangu aliyekulia Nampula. Akanipigia: "Shemeji, hii usiitume." Ansioso anasema mwanaume, na mimi mwanamke. Tena neno lenyewe lina wasiwasi ndani yake, kama mtu aliyekosa usingizi. Ouvir ni kusikia kwa masikio, na hakuna anayemaliza barua kwa ouvir de você. Halafu hiyo você (wewe), kwa mzee usiyemfahamu, inaweza kuonekana utovu wa adabu; huyo ni o senhor (bwana).

Shemeji ndiye aliyenionyesha Linguee. Ni kamusi ya mtandaoni, ya bure, iliyoanza 2009. Haikupi jibu moja ukaondoka nalo. Unaandika fungu zima la maneno, nayo inakupangia sentensi zilizokwisha kuandikwa na watu, Kiingereza upande mmoja na Kireno upande wa pili, nyingi zikitoka kwenye nyaraka za Umoja wa Ulaya na tovuti za makampuni. Nilikaa nayo karibu saa nzima. Watu wale hawakuwa "wanasikia" kitu. Walikuwa wanasubiri: "Aguardo a sua resposta", "Ficamos a aguardar o seu contacto".

Hapo nikaona nilipopotea. Kwa Kiswahili ningeandika tu "Nasubiri majibu yako", na Kireno kinasema hivyo hivyo. Niliyejizungusha kwa Kiingereza ni mimi. Hata kwetu siku hizi nakutana na barua zinazoishia "natazamia kusikia kutoka kwako", na inaniuma, kwa sababu maneno ya kusubiri tunayo tangu zamani.

Mkiitumia, angalieni anwani ya tovuti iliyo chini ya kila sentensi. Ikiishia na .br, hicho ni Kireno cha Brazili: utaona "fico no aguardo", na "contato" isiyo na c ya pili. Msumbiji wanaandika zaidi kama Ureno, "fico a aguardar" na "contacto". Na kwa kuwa sentensi zimekusanywa kutoka huku na huku, mimi husoma nne au tano kabla sijachukua moja.

Nikatuma: "Fico a aguardar a sua resposta. Obrigada." Ni obrigada, kwa kuwa anayeshukuru ni mwanamke. Kesho yake mzee akaagiza majora arobaini, naye akafunga barua yake kwa "fico a aguardar".