Tracy Chapman, "Greatest Hits": uzoefu wangu na nyimbo 18 alizozichagua mwenyewe

Ukimtaja Tracy Chapman, mwimbaji wa Marekani, kwa watu wa rika langu hapa Dar, wengi watakuimbia "Fast Car" na "Baby Can I Hold You", basi, wameishia hapo. Na huo wa pili wapo wanaoujua zaidi kwa sauti za Boyzone, kundi la vijana wa Ireland waliourudia mwaka 1997. Ndiyo maana mkusanyiko huu uliotoka 2015 naupenda kuliko mikusanyiko mingi ya aina yake: unamtoa dada huyu kwenye nyimbo mbili za redioni na kumweka mbele yako akiwa mzima, tangu moto wa albamu yake ya kwanza ya 1988 hadi albamu yake ya 2008.

Nyimbo zote 18 alizichagua mwenyewe, na sauti zikasafishwa upya. Unalisikia hilo kwenye mpangilio. Hazikupangwa kwa miaka. Wimbo wa ujanani unakaa jirani na ulioandikwa miaka ishirini baadaye, na usipotazama tarehe huwezi kujua upi ulitangulia, kwa sababu mwandishi ni yuleyule: gitaa kavu, sauti nzito ya chini, na habari za watu wasio na kitu. Marehemu mjomba wangu alikuwa na kanda yake na alibisha miaka mingi kwamba anayeimba ni mwanamume.

Sidii nililetewa na mdogo wangu anayeishi Ujerumani, ingawa nyimbo zote zipo pia kwenye programu za kusikilizia muziki. Ushauri wangu ni mmoja: usizisikilizie kwenye spika ya simu. Tafuta spika za maana au hedifoni, maana nusu ya utamu iko kwenye vidole vyake. Kwenye "Fast Car" gitaa linaanza peke yake, sauti chache tu zikizunguka na kurudi palepale, na unasikia kabisa vidole vikikwaruza nyuzi anapohamisha mkono. Anasimulia bila haraka: baba mlevi, mama kaondoka, binti kaacha shule amtunze mzee, sasa anafanya kazi dukani na kuweka akiba kidogokidogo. Kwenye kiitikio ngoma zinaingia, wimbo unapanuka, na kwa muda huo unaamini kwamba binti huyu na mpenzi wake mwenye gari watatoka kweli kwenye umaskini. Halafu ngoma zinanyamaza, gitaa linarudi kulekule lilikoanzia. Mwisho wa hadithi ni yeye anayelipa gharama za nyumba, na mwanamume yuko baa, marafiki wanamwona kuliko watoto wake wanavyomwona. Binti wa Manzese au Buguruni aliyeacha shule ili kuuguza mzazi hahitaji mtu wa kumfafanulia wimbo huu.

Wimbo huo ulipata bahati ambayo hakuna promota angeweza kuipanga. Tarehe 11 Juni 1988 pale Wembley, London, kulikuwa na tamasha la kuadhimisha miaka 70 ya Nelson Mandela, naye bado yuko gerezani. Tracy alikuwa ameshaimba zamu yake mapema. Stevie Wonder alipokaribia kupanda jukwaani ikagundulika kuwa kifaa cha kompyuta chenye muziki wake hakipo, na pengo likabaki. Wakamrudisha binti huyu wa miaka 24, peke yake na gitaa lake, mbele ya uwanja uliojaa na televisheni za nchi nyingi. Oktoba mwaka huohuo alikuwa Harare, kwenye ziara ya Amnesty International, shirika la kutetea haki za binadamu, pamoja na Bruce Springsteen, Sting, Peter Gabriel na Youssou N'Dour. Kwangu mimi hiyo inaeleza kwa nini "Talkin' 'bout a Revolution" uliingia Afrika kama wimbo wa hapa hapa.

Nyimbo ambazo sikuzijali sana zamani ndizo zilizonikamata safari hii. "Subcity", unaosimulia maisha ya walioachwa chini kabisa ya jiji kubwa, umenifanya nitulie hadi mwisho. "The Promise" ni wa mapenzi, mtu aliye mbali anayemwahidi mwenzake kwamba atarudi ikiwa anasubiriwa, na ameuimba kwa upole ambao siuoni kwa waimbaji wengi wa leo wanaopiga kelele ili wasikike wana uchungu. "Give Me One Reason" ni bluzi safi, hauna fundo lolote, na ndio uliomrudisha juu mwaka 1996 na kumpa tuzo ya muziki ya Grammy ya wimbo bora wa roki.

Wimbo mmoja si wake: "Stand By Me" wa Ben E. King, aliouimba kwenye kipindi cha televisheni cha David Letterman huko Marekani, Aprili 2015. Hakuna bendi, ni yeye na gitaa. King mwenyewe alifariki mwishoni mwa mwezi uleule, tarehe 30. Nikiujua mpangilio huo wa matukio, siwezi kuusikiliza kijuujuu.

Kasoro ipo. Nyimbo za polepole zimefuatana mno, na kwa mtu anayeendesha gari safari ndefu usiku sishauri asikilize yote kwa mkupuo. Pia baadhi ya nyimbo za miaka ya 2000 zimewekewa vyombo vingi kuliko zinavyohitaji. Sauti ile haikuhitaji kusindikizwa kiasi hicho. Kwa hayo nampa nyota nne na nusu.

Vijana waliomjua kupitia Luke Combs, mwimbaji wa muziki wa country wa Marekani aliyeurudia "Fast Car" mwaka 2023 kisha akauimba pamoja na Tracy kwenye Grammy Februari 2024, waanzie hapa. Wakishaizoea waende kwenye albamu ya 1988 yenyewe, na wautafute "Behind the Wall": hakuna chombo hata kimoja, ni sauti tupu ya jirani anayesikia ugomvi upande wa pili wa ukuta, na polisi wanaochelewa kufika. Unahitaji dakika mbili hivi tu, na chumba kisicho na kelele.