Uzoefu wangu: mbayuwayu juu ya mlango, bundi wa plastiki na wavu wa nailoni

Tunaishi Morogoro, upande wa Kihonda. Masika ya mwaka jana mbayuwayu wawili waliamua kujenga kibarazani kwetu, juu ya mlango wa sebuleni kabisa. Ni wale wenye kichwa cha rangi ya kutu na kifua cheupe chenye michirizi myeusi. Kiota chao kinafanana na kibuyu kilicholazwa ubavu, chenye shingo ya kupitia. Nilikuwa nakaa na chai yangu nikiwatazama: kila safari donge moja tu la tope, dogo kama harage, kutoka kwenye dimbwi la bomba la jirani.

Kero ilikuwa kinyesi. Vigae, ndala, mpaka kilemba cha shangazi wa mume wangu siku aliyokuja kutusalimia. "Hao ni baraka, msiwaguse," akasema huku anajifuta.

Kwanza nilinunua mtandaoni bundi wa plastiki wa kutisha ndege, shilingi 25,000. Siku mbili za mwanzo shomoro walimkwepa. Siku ya tatu nikamkuta mmoja amemkalia kichwani, anajichambua manyoya. Mbayuwayu wao hawakumjali tangu mwanzo. Hela imeliwa.

Muuzaji mwingine alinipigia debe la jeli ya kunata. Kabla ya kulipa nikajiuliza ndege akiikanyaga itakuwaje. Itampaka miguu na mabawa, manyoya yagandane, ashindwe kuruka, afe taratibu mbele ya watoto wangu. Nikaachana nayo.

Fundi wa kwanza alikuja na ngazi na mpini wa ufagio, tayari kubomoa. Ndani ya kiota vifaranga vinalia, unavisikia ukiwa chini. Nikampa nauli yake akarudi.

Wa pili ndiye ninayempa sifa. Kabla hajagusa kitu aliniuliza, "Dada, wametotoa?" Nikamwambia ndiyo. Akasema basi wavu wa kuzuia ndege tusubiri, ila kinyesi tukimalize leo. Akapigilia ubao wa upana wa futi moja, kama nusu mita chini ya kiota, ili kila kinachodondoka kiishie hapo. Mimi nikatandika gunia juu yake, nalibadilisha kila Jumamosi. Ubao, misumari na ufundi: shilingi 15,000. Vigae vikabaki safi siku hiyohiyo, na mpaka leo sijaona kifaa cha dukani kilichonifaa kuushinda ubao ule.

Vifaranga waliruka baada ya kama wiki tatu, lakini usidhani wakiruka ndiyo wamehama. Jioni walikuwa wanarudi wote kulala humo, na mbayuwayu wanaweza kutaga tena kwenye kiota kilekile. Tulisubiri mpaka zikapita jioni kadhaa bila hata mmoja kuingia, ndipo fundi akakitoa kiota na kufunga wavu wa nailoni.

Hapo kwenye wavu nina malalamiko. La kwanza ni la duka: niliuziwa wenye matundu ya milimita 50, nikaambiwa ni "wa ndege". Ule ni wa njiwa. Mbayuwayu anapenya bila shida. Nikarudi kutafuta wa milimita 19. La pili ni la fundi wangu huyohuyo, aliufunga umelegea. Asubuhi moja nikakuta shomoro ananing'inia kwa mguu mmoja, uzi umezunguka mara mbili. Nilimfunika kwa kanga ili atulie, nikakata uzi kwa mkasi wa kucha, mikono inanitetemeka. Aliruka, nashukuru. Fundi aliitwa siku ileile, akapitisha waya pembeni zote na kuukaza mpaka ukipiga kidole unalia kama gitaa. Tangu hapo hajanasa mwingine.

Wavu uko kwenye kibaraza cha mbele tu. Nyuma, kwenye kona ya upenu karibu na jiko, tuliacha wazi na kupigilia ubao mapema. Masika haya wamejenga hukohuko. Kama ni wale wale au wengine, nani ajue.

Shangazi akija siku hizi anapitia mlango wa nyuma, na anawawekea wali kwenye kisosi. Nimemweleza mara tatu kwamba hawa hula wadudu wanaowadaka angani. Wali unaliwa na kuku wa jirani.