Humminbird Helix 7 MEGA SI: Jiwe ulione, kisha ulirudie

Assalaam aleikum, wavuvi wenzangu. Leo niko Shimoni na Humminbird Helix 7 MEGA SI: skrini ya inchi 7, sona (kipimo kinachotuma sauti majini na kuchora kilichoko chini) na ramani ya GPS ndani ya mashine moja.

Wazee wetu jiwe la chini ya bahari, wanapokaa samaki, waliliwekea alama za nchi kavu, mbuyu ukutane na mnara, kisha wakatia bildi kupima kina. Njia nzuri hiyo, ila mvua ikifunga huoni mbuyu wala mnara.

Tazameni hapa. Kushoto ramani, kulia picha ya ubavuni (ndiyo hiyo SI), sona inayotazama pande zote mbili za boti. Huu mstari wa katikati ndiyo njia ya boti, na weusi ulioshikana nao ni maji matupu. Rangi iliyofifia ni tope, panapong'aa ni pagumu. Lakini pagumu pekee hapatoshi, ndugu zangu, tafuteni kivuli! Oneni huu weusi mrefu nyuma ya jiwe. Mawe mawili yakiwa umbali mmoja na boti, lenye kivuli kirefu ndilo lililosimama zaidi, na chewa hupenda kujificha ubavuni mwa jiwe kama hilo.

Wengi wakiliona hugeuza boti kulifuata. Picha inapinda, jiwe linapotea. Usigeuze. Nyoosha mwendo, fundo 3 hadi 5, peleka kishale juu ya jiwe lenyewe, weka alama. Mashine inajua liko mita ngapi kutoka boti, na alama inakaa ramanini palepale.

Halafu nanga. Nje ya miamba mkondo wetu huelekea kaskazini, kwa hiyo shusha nanga kusini mwa alama, legeza kamba taratibu mpaka boti ikaribie jiwe. Chambo kinamshukia chewa mlangoni.

MEGA, yaani masafa ya juu ya sona hii, inatoa picha safi sana, ila mwisho wake ni kama mita 38 kila upande. Ukitaka mbali zaidi, rudi masafa ya chini, 455 kilohezi. Kwenye kilindi cha Mkondo wa Pemba picha ya ubavuni haikufai kabisa. Na ukigawa skrini hii mara mbili, herufi zinakuwa ndogo. Mwenye uwezo achukue inchi 9.

Ramani za dukani hazina kila jiwe letu. Washa AutoChart Live kila safari, ikuchoree mistari ya kina unapopita. Ila Kisite ni hifadhi, kule hatuvui.

Ukirudi bandarini, nakili alama zako kwenye kadi. Mashine yangu ya zamani iliingia maji na alama za misimu mitatu. Kuna mawe mpaka leo sijayaona tena.