Testosteroni mjini Malindi: ipi ya kununua, ipi ya kuiacha dukani

Tuanze na alama tulizozipa dawa za testosteroni, yaani homoni ya kiume, na kipimo chake, maana ndizo msomaji anazozitafuta. Kipimo cha damu kilichofanywa sawasawa: 5 kati ya 5. Sindano ya muda mrefu, undecanoate: 4. Sindano ya wiki tatu: 3. Jeli: 3 kwa anayelala peke yake, 1 kwa mwenye watoto wadogo nyumbani. Kapsuli za kumeza: 2. Chupa ya "asilia asilimia mia" inayouzwa kando ya stendi: 0, na kama kungekuwa na alama ya chini ya sifuri tungeitoa.

Kipimo kimezishinda dawa zote kwa sababu ndicho kinachoamua kama dawa inahitajika. Homoni ya mwanaume haikatiki ghafla kama ya mwanamke anapokoma hedhi. Inapungua kidogo kidogo, wastani wa asilimia 1 hivi kwa mwaka tangu miaka ya 30 au 40, na wazee wengi hufika 70 wakiwa bado na ya kutosha. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliochapishwa 2010, kwa wanaume wa miaka 40 hadi 79, ulikuta waliopungukiwa kwelikweli, kwa dalili na kwa damu pamoja, ni asilimia 2.1 tu. Kwa hiyo wengi wanaoulizia sindano dukani hawaihitaji.

Dalili zinazoelekeza kwenye homoni ni tatu za chumbani: hamu ya tendo la ndoa kupotea, uume kutosimama alfajiri, na kushindwa wakati wa tendo. Uchovu, hasira na kitambi vinaweza kutoka popote: sukari, upungufu wa damu, huzuni, au kukesha na muguka. Na anayeshindwa kusimamisha lakini hamu anayo kamili, mara nyingi tatizo lake ni mishipa ya damu. Apimwe sukari na presha kwanza, kwa sababu mishipa ya uume ni myembamba na huonyesha ugonjwa mapema kuliko ile ya moyo. Atazame pia dawa anazokunywa. Baadhi ya dawa za presha hupunguza nguvu za kiume, na heroini hukandamiza homoni moja kwa moja, hata kwa kijana. Methadoni, dawa ya kuachishia heroini inayotolewa katika hospitali ya Malindi, inaweza kufanya hivyo pia. Hiyo si sababu ya mtu kuiacha methadoni. Ni sababu ya kumweleza daktari wake.

Sasa maabara, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Damu ya testosteroni itolewe kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, kabla ya kula chochote. Ukipita kwanza kibandani ukala mahamri na chai ya maziwa, kiwango kinaweza kushuka kwa robo au zaidi kwa muda, na utaandikiwa upungufu usiokuwa nao. Mlinzi na mvuvi wanaolala mchana hesabu yao ni nyingine: wapime ndani ya saa 2 au 3 baada ya kuamka. Usipime ukiwa na malaria au homa yoyote, maana ugonjwa wa ghafla hushusha homoni. Mwezi wa Ramadhani pia tungeuruka: usingizi umevurugika, na daku imeliwa karibu na alfajiri.

Kipimo kimoja hakitoshi. Kikiwa cha chini, rudia siku nyingine, na mara hii ongeza LH na FSH (homoni za kichwani zinazoamrisha korodani), prolaktini (homoni nyingine ya kichwani) na SHBG. LH ikiwa juu, korodani zenyewe ndizo zilizochoka. LH ikiwa chini au ya kawaida huku testosteroni iko chini, tatizo liko juu, kwenye tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, au ni unene, au ni dawa fulani. SHBG ni protini inayobeba homoni kwenye damu. Kwa mnene huwa chini, kwa hiyo jumla ya testosteroni inaonekana mbaya ilhali ile huru, isiyobebwa, iko sawa. Kwa mzee mwembamba, au mwenye ugonjwa wa ini, huwa juu, na jumla inaonekana nzuri ilhali ile huru ni haba.

Angalia kizio cha kipimo kwenye karatasi. Maabara nyingine huandika kwa ng/ml, nyingine ng/dl, nyingine nmol/l. 3.0 ng/ml ni sawa na 300 ng/dl, sawa na 10.4 nmol/l. Anayesoma "3.0" huku akilini ana kizingiti cha nmol atadhani amekwisha. Madaktari wa Marekani hutumia mpaka wa 300 ng/dl. Wa Ulaya husema chini ya nmol 8 tiba kwa kawaida inafaa, juu ya 12 kwa kawaida haifai, na katikati dalili na homoni huru ndizo zinazoamua. Kama unakunywa vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, viache siku chache kabla, kwa sababu katika baadhi ya mashine vinaipandisha testosteroni kwa uongo. Maabara ikiwa inatuma sampuli Mombasa au Nairobi, uliza kama serumu, yaani maji ya damu, inatenganishwa hapahapa Malindi kabla ya safari. Wakikutazama tu, nenda kwingine.

Tuseme vipimo viwili vimekubaliana. Dawa tunayoipa alama ya juu ni testosteroni undecanoate, miligramu 1000 ndani ya mililita 4 za mafuta ya mbarika. Ya kwanza leo, ya pili baada ya wiki 6, kisha kila wiki 10 hadi 14. Kwa nafasi ya wiki 12, hiyo ni sindano 5 mwaka wa kwanza. Kiwango hakipandi na kushuka ovyo, na hakuna cha kukumbuka kila siku.

Ila mtazame muuguzi anavyoidunga. Mafuta yale ni mazito; huvutwa kwa sindano nene na kudungwa ndani kabisa ya msuli wa tako, mgonjwa akiwa amelala, taratibu kwa dakika 2 nzima. Mililita 4 si chanjo ya kusukuma kwa pumzi moja. Akisukuma haraka, au ncha ikiingia kwenye mshipa, matone ya mafuta husafiri hadi mapafuni: kikohozi cha ghafla, kifua kubana, jasho, kizunguzungu. Kwa kawaida hupita chenyewe, lakini ndiyo maana unabaki kwenye benchi nusu saa kabla ya kuondoka. Kliniki inayokudunga ukiwa umesimama na kukufungulia mlango papo hapo, usirudi.

Sindano ya wiki tatu ni rahisi kuipata kuliko undecanoate. Sustanon 250 ni mchanganyiko wa esta nne, yaani aina nne za testosteroni, ndani ya mililita 1. Inafanya kazi, lakini wiki ya kwanza mtu ni simba na ya tatu ni paka: kilele kiko juu mno, kisha kinaporomoka, na mke ndiye wa kwanza kugundua ratiba. Kwa mwaka ni ampuli 17 hivi. Ina mafuta ya karanga, kwa hiyo mwenye mzio wa karanga asiiguse. Testosteroni enanthate ya miligramu 250 ina tabia hiyohiyo. Wengine hufaidika kwa kugawa dozi ndogo zaidi kwa nafasi fupi, lakini hilo alipange daktari, si rafiki wa mazoezi. Ampuli za mafuta hazitaki friji. Zinataka kivuli na joto lisilozidi nyuzi 30, na hapa kwetu hiyo maana yake si kwenye dashibodi ya gari wala rafu inayopigwa na jua la saa tisa. Enanthate ikifanya chembe za fuwele, ipashe moto kiganjani na uitikise, zitayeyuka.

Jeli hupakwa kila asubuhi mabegani na sehemu ya juu ya mikono. Udhu haufiki huko, kwa hiyo haiathiriki. Kinachoiondoa ni kuoga mwili mzima au kuingia baharini mapema. Ile ya asilimia 1.62 inahitaji angalau saa 2 bila maji, na nyingine zaidi, basi soma karatasi yake. Oga kwanza, jikaushe, paka, nawa mikono kwa sabuni, subiri ikauke, vaa shati. Tatizo lake ni kuhamia kwa wengine. Mtoto anayelalia bega la babu yake anaweza kuanza kuota nywele za sehemu za siri akiwa na miaka mitatu, na mke mjamzito hatakiwi hata kugusa ngozi ile. Katika nyumba ya joto la Malindi, watu vifua wazi na watoto mkekani, sisi hatuipendekezi. Kuna spiriti ndani yake pia: hukauka haraka, lakini weka mbali na jiko.

Kapsuli za undecanoate zimezwe pamoja na mlo wenye mafuta, la sivyo hazifyonzwi. Vidonge vya methiltestosteroni viache kabisa, vinaharibu ini.

Kuna watu wasiotakiwa kupewa testosteroni hata wakiomba: mwenye saratani ya tezi dume au ya titi, aliyepata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya miezi 6, mwenye damu nzito tayari, na anayekoroma hadi pumzi inakatika na hajatibiwa. Na mwanaume anayetaka mtoto. Hili linawapita wengi. Mzee wa miaka 55 ameoa tena, mke ni kijana, anatafuta nguvu ili apate mtoto. Anapewa sindano, hamu inarudi, mbegu zinaisha. Homoni ya kutoka nje huuambia ubongo kwamba iko ya kutosha, LH na FSH zinazimwa, korodani zinasinyaa. Kurudi kwa mbegu huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Kwa mtu kama huyo kuna njia nyingine, kama klomifeni au hCG, dawa zinazoamsha korodani zenyewe, chini ya mtaalamu.

Kuhusu moyo, utafiti wa TRAVERSE wa 2023, uliohusisha wanaume zaidi ya 5,000 wa miaka 45 hadi 80 wenye ugonjwa wa moyo au hatari ya kuupata, haukuona mshtuko wa moyo au kiharusi kuongezeka kwa waliotumia jeli. Uliona ongezeko la mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, damu kuganda mapafuni, na matatizo ya figo. Ndiyo maana ufuatiliaji si mapambo. Baada ya miezi 3 hadi 6 pima testosteroni, hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) na PSA (protini ya tezi dume), kisha kila mwaka. Hematokriti ikivuka asilimia 54, dawa inasimama hadi ishuke. PSA ikipanda kwa zaidi ya 1.4 ng/ml ndani ya mwaka wa kwanza, muone daktari wa njia ya mkojo. Kwa undecanoate, damu itolewe siku ya sindano inayofuata, kabla ya kudungwa. Hamu hurudi ndani ya wiki 3 hadi 6. Kusimama kunaweza kuchukua miezi 6. Ikipita hapo bila nafuu, acha.

Ile chupa sasa. Haina nambari ya toleo wala jina la mtengenezaji, na "mitishamba" yake inafanya kazi ndani ya saa moja. Mizizi haifanyi hivyo. Sildenafili, dawa iliyo ndani ya Viagra, ndiyo inayofanya hivyo, na imekutwa mara nyingi ndani ya bidhaa za aina hii katika nchi nyingi, kwa dozi isiyojulikana. Mgonjwa wa moyo anayetumia naitreti, dawa ya maumivu ya kifua, akiinywa, presha inaweza kuporomoka hadi afe. Supu ya pweza haina ubaya, inywe kwa raha zako, ila haipandishi homoni. Anayetaka sildenafili halisi aandikiwe, ainunue kwenye duka lenye leseni ya Bodi ya Dawa na Sumu.

Walio Lamu wanaofuata sindano Malindi au Mombasa wahakikishe ampuli ya pili imepatikana kabla ya kudungwa ya kwanza, kwa sababu ile ya wiki ya 6 ndiyo inayojaza akiba mwilini. Na bei wasiulize ya ampuli moja. Waulize ya mwaka mzima, pamoja na vipimo vya damu na nauli.