Rangi ya mistari ya mashua: angalia unga kabla ya mng'ao

Masika ya mwaka juzi yalipokatika nilishuka Hori ya Tudor, hapa Mombasa, kuitazama mashua yangu, nikakuta ubavu mweupe una michirizi ya waridi kutoka kwenye mstari mwekundu wa urembo hadi majini, omo mpaka tezi. Mvuvi mmoja alipita na mtumbwi wake akapunguza kasia, akaniuliza, "Mama, chombo kimeumia?" Mstari ule nilikuwa nimeupaka miezi saba tu kabla yake, kwa kopo nililouziwa mjini na mtu aliyenihakikishia kuwa ni rangi ya baharini. Siku niliyoipaka iling'aa kama kioo.

Kasoro hiyo ni rangi kutoa unga. Jua huvunja resini inayoishikilia rangi, na kilichobaki juu ni vumbi lisiloshikwa na kitu. Ukipitisha kidole kinatoka chekundu. Mvua ikinyesha, vumbi linateremka juu ya jelikoti nyeupe, lile tabaka gumu la nje la mashua ya faiba, na jelikoti ya mashua kuukuu ina vitundu vidogo vinavyolimeza vumbi hilo. Nilisugua siku mbili kwa kampaundi, dawa ya kusugulia na kung'arishia, na bado naiona michirizi jua la asubuhi likipiga kwa upande. Ndiyo maana nazipanga rangi kwa jambo hili moja. Mng'ao na wepesi wa kukauka mwenye duka atakueleza hata usipomuuliza. Unga hautaji.

Kabla hujatoa hata shilingi, sugua kipande cha mstari wa zamani kwa kampaundi. Mashua nyingi za faiba za miaka ya 1970 na 1980 zilitoka kiwandani na mstari wa jelikoti yenye rangi, na huenda wako umepauka juu tu. Ukirudi kung'aa, paka nta uende zako. Usipong'aa, paka mstari mzima upande wote. Kiraka cha rangi mpya juu ya rangi iliyopigwa na jua miaka thelathini hakifanani kamwe, hata namba ya rangi ikiwa ileile.

Ya kwanza kwangu, na sioni ya kuikaribia, ni Perfection ya kampuni ya International. Ni poliurethani ya makopo mawili, rangi na hadena, yaani dawa ya kuifanya rangi igande, unachanganya mbili kwa moja kwa ujazo. Mstari wangu wa sasa ni wa rangi hii. Umepita kaskazi mbili na masika mbili, na kila mwezi naupitishia kitambaa cheupe chenye maji. Kitambaa kinarudi cheupe. Huuzwa kwa seti ya mililita 750. Mashua ya mita kumi yenye mstari wa sentimita saba ina eneo la mita za mraba 1.4 tu kwa pande zote mbili, kwa hiyo mikono mitatu, yaani tabaka tatu, unaipata na rangi inabaki. Hapo ndipo panaponiuma: nalipia kopo zima, na ushuru na nauli ya meli juu yake, kwa kazi ya nusu ya kopo. Wala usimtume ndugu anayekuja kwa ndege. Rangi hii huwaka moto, hairuhusiwi kwenye mizigo ya abiria.

Hadena ndiyo ya kuchunguzwa kuliko rangi yenyewe. Hainywi maji ikabaki salama, na hewa ya Mombasa ni maji matupu. Kopo lililofura lirudishe hapo hapo, maana unyevu umeshaingia na gesi imejikusanya ndani. Ukifungua ukakuta imekuwa nzito au ina ukungu, imekufa. Nimewahi kuuziwa rangi ya kampuni moja na hadena ya kampuni nyingine iliyomiminwa kwenye chupa ya soda, na nilipolalamika nikajibiwa, "Dada, hadena ni hadena." Si kweli. Kila rangi ina yake, na muuzaji anayeivunja seti anakuuzia mstari utakaobaki unanata wiki nzima. Paka kwa brashi au rola ya sponji. Usiipulizie, kwa sababu hadena hizi zina kemikali iitwayo isosayaneti, na mvuke wake ukiingia mapafuni unaweza kukuachia pumu ya maisha.

Ya pili ni rangi ya gari ya 2K, ile inayotiwa hadena. Faida yake kubwa ni kwamba maduka ya rangi za magari hukuchanganyia robo lita kwa kufuata kipande ulichobeba, kwa hiyo hulipii usichohitaji. Uliza swali moja tu: hii inatiwa hadena? Wakikwambia inakauka yenyewe, hiyo ni duko, na duko hutoa unga. Epuka pia ile ya kupakwa klia, rangi ya kuonya ya mng'ao, juu yake, maana klia ikianza kubanduka huna la kufanya ila msasa. Na usitaje mashua. Nilitaja mara moja, bei ikapanda nikiwa nimesimama palepale kaunta, kama kwamba kila mwenye tanga ni mtalii.

International Toplac inakuja ya tatu. Ni kopo moja, haina hadena, inapakika kwa raha na inafaa kwa anayeshika brashi mara ya kwanza. Unga inatoa, ila kwa kuchelewa. Chagua buluu kuliko nyekundu, kwa sababu nyekundu ndiyo inayopauka upesi.

Stika za wale mafundi wa matatu ni nzuri kwa macho na hazitoi unga, lakini jua linazivuta, kingo zinainuka, chumvi inaingia chini. Gundi inayobaki inakutesa kuliko rangi yoyote.

Rangi ya mafuta ya milango na mageti: hapana. Ndiyo ile niliyouziwa kama ya baharini ikaniletea michirizi.

Tepu nayo usiihurumie pesa. Ya karatasi ya bei ya chini huokwa na jua saa moja ikapasuka vipande na kuacha gundi, na rangi hupenya chini yake. Tafuta ya plastiki nyembamba yenye ukingo mkali, ibandue rangi ikiwa bado laini. Msasa namba 320 kwanza, lakini futa nta ya zamani kabla ya msasa, la sivyo unaisukuma ndani. Anza asubuhi umande ukikauka, upande wenye kivuli, na umalize mapema alasiri. Umande wa jioni ukiikuta rangi mbichi, mng'ao unakufa usiku huohuo na kesho yake unaanza upya na msasa.