TAHADHARI: Fundi wa faya alamu anazunguka Upanga na Kariakoo, paneli yenu inaweza kuwaka kijani na bado mmepigwa

Wakuu habarini, naandika nikiwa na hasira mnivumilie. Mimi ni msimamizi wa jengo la ghorofa sita hapa Upanga, juu wapangaji na familia zao, chini maduka. Mwaka jana alikuja jamaa mmoja, shati limepigwa pasi, kikoba cheusi, maneno anayo, akaanza na moto wa soko la Kariakoo wa Julai 2021, akaingia kwenye Zimamoto, kwamba wakija kukagua wakikuta paneli, lile boksi linaloongoza kengele za moto, inawaka taa ya njano ya hitilafu tumekwisha. Na kweli paneli yetu ilikuwa inawaka njano na kupiga pipipi usiku kucha mpaka mlinzi akawa anaifunika na koti. Basi tukakubaliana sevisi kila miezi mitatu, laki nne na nusu kila akija, na betri mpya na detekta 11, vile vinasa moshi vya darini, bei yake pembeni.

Siku hiyohiyo pipipi ikaisha, njano ikazima, ikabaki kijani. Nani angelalamika? Akija anafungua paneli, anapuliza vumbi, anasaini daftari, anapiga picha, kaondoka, dakika kumi hazifiki. Na mimi mjinga, mwaka mzima sijasikia kengele hata mara moja na sijajiuliza ni sevisi gani hiyo.

Kilichomuumbua ni maharage. Dada wa ghorofa ya nne kayabandika kashuka dukani, stori zikanoga huko, moshi ukajaa korido watoto wanakohoa, napanda nakuta detekta iko juu ya kichwa changu imetulia tuli. Nikavunja kioo cha kile kiboksi chekundu cha ngazini, kimya. Nashuka kwenye paneli, kijani vilevile.

Nikamwita kijana anayetufungia kamera maana umeme mdogo anaujua. Kafungua paneli kacheka, kisha akanyamaza. Iko hivi, paneli kama yetu inagawa jengo kwa zoni, kila zoni ina waya wake unaopita detekta zote, na mwisho kabisa wa waya, huko juu kwenye detekta ya mwisho, kunafungwa karezista kadogo, kale kakifaa ka kupunguza umeme. Paneli inapitisha umeme kidogo muda wote, ukipita sawasawa inajua waya ni mzima, waya ukikatika inawasha njano. Sasa yule bwana badala ya kutafuta waya ulikatikia wapi, alichomoa waya za zoni zote nne na za kengele pia, akazikunja nyuma ya betri, halafu akabana rezista palepale ndani ya paneli. Hizo rezista nimeziona kwa macho yangu zimejipanga, mistari ya njano, zambarau na nyekundu. Yaani paneli ilikuwa inajisalimia yenyewe na kuitikia, jengo zima halimo!

Betri nazo. Zinatakiwa mbili za volti 12 ziungwe zitoe 24, na kwa kawaida zinapigiwa hesabu ya kuibeba paneli saa 24 bila umeme na bado kengele ilie nusu saa. Tulizima swichi, paneli ikafa kabla sijageuka. Kubandua stika mpya, chini yake kuna ya zamani ya 2015, ni betri za yupiesi zilizochoka. Na detekta "mpya" ni zetu zilezile kapuliza rangi nyeupe, vitundu vya kuingizia moshi vimeziba.

Kwahiyo fundi akija usikae ofisini, simama naye. Waambie wapangaji mapema wasikimbie, halafu mwambie azime umeme wa paneli muone kama inabaki hai, achomoe detekta moja ya ghorofa ya juu muone kama njano inawaka, na apulize moshi kengele ilie mpaka mtaa usikie. Kuna kopo maalumu la kupuliza. Sisi tulitumia udi kijana akanigombeza kwamba unaichafua detekta, sawa, lakini walau ningejua mapema. Akisema "system ni sensitive tusiisumbue," mwonyeshe geti.

Jingine, aliomba laki sita kwenye namba yake ya simu akidai ni ya cheti cha Zimamoto. Hiyo tu hatukutoa, mhasibu wetu alimuuliza kontrol namba iko wapi, jamaa akaanza kukohoa. Malipo ya serikali yanaenda kwa kontrol namba, sio kwa namba ya mtu. Risiti ya EFD nayo hajawahi kutupa hata moja.

Namba yangu kaniblok. Juzi mlinzi wa jengo la jirani kaniambia kuna mtu wa kikoba cheusi kapita anaulizia paneli iko wapi, nimekimbilia kule nikakuta kashaondoka, kaacha kadi yenye jina jipya la kampuni, ila namba ya simu ni ileile.